Mimba Iliyokataa Iliki

Mwaka ule nilikuwa nashika mashine ya kusaga viungo kwenye kibanda kimoja Kariakoo, upande wa kuelekea Msimbazi. Kazi yenyewe haina maneno mengi. Mteja anakuja na mdalasini, karafuu, iliki, binzari nyembamba na pilipili manga. Mimi namimina juu, unga unatoka chini, nafunga mfuko, anaondoka. Tangu asubuhi mpaka jua linapoinama vumbi linaingia puani, masikioni, mpaka kwenye kope. Nikipenga kamasi zinatoka za kahawia. Wapita njia walikuwa wanasema, "Aisee, hapa pananukia." Mimi nilikwisha acha kusikia harufu yoyote siku nyingi.

Mke wangu alikuwa anaisikia, na mwanzoni aliipenda. Akilipokea shati langu alikuwa analinusa, anacheka, anasema yeye ameolewa na pilau. Halafu akashika mimba yetu ya kwanza.

Jioni moja nilifungua mlango wa chumba chetu pale mtaa wa Gerezani, na kabla sijavua viatu akaziba mdomo kwa khanga akakimbilia uani. Nikamfuata. Nilimkuta ameinama kwenye karo, mkono mmoja ukutani.

"Usinisogelee," alisema. "Samahani, mume wangu. Ni hiyo harufu."

"Harufu gani?"

"Yako."

Nilibaki nimesimama. Siku nzima nimesimama kwenye mashine, sasa nasimama uani kwangu na sijui pa kwenda.

Kuanzia hapo nikawa siingii ndani mpaka nimeoga. Nguo za kazi zilining'inia uani ndani ya mfuko wa plastiki. Nilijisugua kwa ndimu, nikajisugua kwa majani ya mwarobaini, lakini ngozi ilikuwa imekwisha kunywa. Yeye akalala kitandani, mimi nikalala kwenye mkeka karibu na mlango, ambapo upepo ulikuwa unaichukua harufu yangu kwenda nje. Hakuna aliyemgombeza mwenzake. Wote tulikuwa tumechoka mno, hata nguvu za ugomvi hatukuwa nazo.

Ikawa pia hawezi kukaa jikoni. Akisikia tu mafuta yanapata moto anatoka. Kwa hiyo nikirudi kutoka kusaga viungo vya watu, nawasha jiko la mkaa na kupika chakula kisicho na kiungo hata kimoja. Muuguzi wa kliniki alituambia ni jambo la kawaida, litapita, ila mama lazima ale. Akaniangalia mimi. "Mpe kile anachokitaka."

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakujua anachokitaka. Alijua asichokitaka tu.

Nilianza na chai. Iliki ilikuwa haitajwi hata jina. Chai isiyo na kiungo akasema inanuka sufuria. Jirani yetu wa chumba cha mbele, mama mmoja wa Kichaga, alikuwa amepanda mchaichai kwenye kopo la rangi. Akanikatia majani machache.

"Shemeji, jaribu hii," aliniambia. "Mimi kwa mimba ya kwanza nilikula ndizi tupu. Mume wangu alikuwa akiona mkungu anageuza uso."

Mchaichai ukapita. Nikapata nguvu kidogo, nikaingia kwenye maandazi. Badala ya iliki nikakuna ganda la chungwa kwenye unga. Mara ya kwanza nilikuna mpaka ule utando mweupe wa ndani, maandazi yakawa machungu kama dawa, nikayala mwenyewe kazini wiki nzima. Mara ya pili nikakuna ile ngozi ya juu tu, kidogokidogo, na kwenye tui nikatia chumvi kidogo. Akala moja. Akachukua la pili akalikata katikati, akalitazama, akalimaliza.

Maharage niliyapika kwa nyanya na karoti, nikakamulia limao mwishoni badala ya binzari. Tangawizi ilikubalika kwa muda, halafu siku moja akausukuma mchuzi pembeni.

"Mbona jana ulikula?"

"Jana siyo leo," alisema, na machozi yakamtoka. Nikampa mkate.

Nilimwomba bosi anitoe kwenye mashine, aniweke hata kwenye upande wa dengu na choroko. Alikuwa mtu mwema, lakini Iddi ilikuwa imekaribia na foleni ya wateja ilikuwa inafika barabarani. "Mdogo wangu," alisema, "wiki hii kweli? Tupitishe sikukuu kwanza, tutaongea." Sikukuu ilipopita hakulitaja tena, na mimi sikuwa na nguvu ya kumkumbusha.

Wiki hiyohiyo baba mkwe akapiga simu kutoka Lindi. Anakuja kula Iddi na binti yake.

"Baba bila pilau hajala Iddi," mke wangu alisema. "Wewe pika tu. Mimi nitakaa kwa jirani mpaka harufu iishe."

"Siku ya Iddi ukakae kwa watu, na baba yako yuko kwako?"

Nikawaza hilo jambo nikiwa nasaga, na mbele yangu watu wote wa Bongo wanasagiwa viungo vya pilau.

Asubuhi ya Iddi nilitoka msikitini nikavaa fulana kuukuu, nikaanza. Nyama nikaichemsha kwa kitunguu swaumu na chumvi mpaka ikalainika. Vitunguu maji nikakata vingi, nikavikaanga kwa moto mdogo, nikavigeuza na kuvigeuza mpaka vikapita rangi ya dhahabu na kukaribia weusi. Hapo ndipo rangi yote ilipotoka. Nikatia nyama ikaungua kidogo, nikatia viazi, supu, mchele, nikafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko. Mgongo ulikuwa unaniuma. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni anatazama. Hakukimbia.

Baba mkwe alipofika nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukakaa mkekani. Akatia tonge mdomoni, akatafuna taratibu. Akaniangalia.

"Mwanangu, viungo vimeisha Kariakoo?"

"Ni mimi, baba," mke wangu alidakia. "Mimba inavikataa."

Mzee akaendelea kutafuna. "Mama yako alikataa samaki, mimba yako wewe," alisema. "Na mimi kazi yangu kuuza samaki."

"Ukafanyaje, baba?" niliuliza, kwa sababu nilitaka kujua kweli.

"Nilichoka," alisema. "Nilikula mihogo, nikalala nje, nikachoka."

Nilingoja aongeze kitu. Aliomba aongezwe wali na viazi. Mke wangu naye alikuwa anakula, anamega kutoka upande wangu wa sinia, bega lake limegusa langu. Sidhani kama alitambua. Mimi nilikaa vilevile, nikaogopa hata kunyoosha mguu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Nilidhani mambo yatarudi yalivyokuwa. Zikapita siku kadhaa, nikamuuliza kama nimwekee iliki kwenye uji.

"Hapana," alisema.

"Si umeshajifungua?"

"Sijui. Mwili umegoma tu."

Sasa tuna watoto wawili na mwili bado umegoma. Kitandani nilirudi, harufu yangu aliizoea. Lakini ndani ya nyumba yetu hakuna hata punje ya karafuu. Wageni wakionja chakula wananicheka, ati fundi wa mashine ya viungo anakula hivi, nami huwa nawaacha wacheke. Kueleza ni kazi nyingine.

Mchana, siku za Ijumaa, nakula pilau kwa mama lishe nyuma ya soko. Mke wangu anajua. Juzi nilipofika alikuwa uani na mtoto mgongoni.

"Leo umekula pilau," alisema.

"Nimekula."

"Ilikuwa nzuri?"

Nilifikiri. Pua yangu siku hizi haichukui kitu. "Ya kawaida," nilisema.

Akanisogezea kisu na vitunguu, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kumenya.