Eskaveta Juu ya Shimo

Eskaveta iliinua mkono, ikamwaga udongo ndani ya shimo la dhahabu, na mdogo wangu alikuwa bado chini. Shimo lilikuwa limetuporomokea, mimi nilikuwa nimeshavutwa nje, nimelazwa kwenye nyasi, mguu umevunjika. Nilimsikia akigonga. Sisi wachimbaji wa Nyatike tukifukiwa hatupigi kelele, hewa itaisha. Tunagonga mwamba kwa nyundo. Nikamwambia msimamizi, "Kuna mtu anagonga."

"Mzee, umeumia kichwa. Lala." Halafu akampungia dereva mkono aendelee.

Kabla ya hapo nilizipenda hizo mashine. Shule niliachia darasa la tano, lakini kuchora hakukuniacha. Siku ambazo hatukushuka shimoni tulikuwa tunaenda na mdogo wangu Homa Bay, pale barabara ya kando ya ziwa ilikuwa inapanuliwa, mimi na kalamu ya wino na kisanduku cha rangi za maji za watoto nilichonunua sokoni Suna. Mashine haikungoji. Unawahi mkono wake kwa wino, minyororo ya chini baadaye, ndio uje kwenye rangi. Na jua la kule linakausha maji kabla hujaeneza manjano. Kwa hiyo mdogo wangu alinishikia mwavuli. Mwavuli wa mama, wa maua. Madereva walitucheka sana.

"Omera," alikuwa ananiita, yaani ndugu yangu, "hiyo greda imekonda. Umeinyima ugali?"

"Shika mwavuli wewe. Kivuli kimehama."

"Liulize jua. Na mbona dereva hana shingo?"

"Ndivyo alivyo. Mwangalie."

Akaangalia, akacheka mpaka mwavuli ukatikisika, rangi ikakauka na mstari katikati.

Hawakumtoa shimoni. Tulipochoka kungoja, wazee wakasema tufanye desturi ya mtu asiyepatikana. Badala ya mwili tukazika tunda la mti wa yago, refu, zito, tumelivisha shati lake. Mama alilipakata njia nzima. Watu wakala, wakaenda, wakasema sasa amelala. Amelala wapi?

Bado naenda Homa Bay. Mkono mmoja unachora, mwingine umeshika mwavuli, na mashine zinatoka zimepinda. Nikikosea dereva nageuka kushoto ili nichekwe. Hakuna mtu.

Majina yao siandiki, wanajijua. Mwenye shimo, aliyetaka lizibwe kabla wakaguzi hawajafika. Msimamizi aliyeniambia nilale. Dereva aliyeona mkono ukipungwa asiulize. Na chifu, alikuwa amesimama palepale na kofia yake, asiwazuie. Nani alitoa amri? Mimi msinijibu. Njooni kwa mama yetu, mumwambie akiwatazama usoni, halafu mlete mashine mumchimbue mtoto wake.