Kuku wa Dirisha la Jikoni

Shangazi yangu akisalimiwa na mtu mwenye tabasamu, kwanza hutupa jicho kwenye vibanda vyake vya kuku, ndipo aitikie. Akiletewa zawadi, huinusa. Akipewa pole, huuliza, "Nani kakwambia?" Mumewe, dereva wa lori ambaye tunamwona kwa nadra, husema uchumba wao ulichelewa kwa sababu kila alichomwambia kilipelekwa kwanza kwa majirani kuhakikiwa.

Lakini kwa kuku ana mkono. Hilo hata adui zake wanalikubali, na adui anao wengi, wengine wenyewe hawajui kama ni adui.

Vibanda vyake ni viwili, vya kuburuta: kimoja cha matetea wa mayai, kingine cha kuku wa nyama. Ni fremu za mbao, wavu ubavuni, bati nusu ya juu, na chini hakuna kitu ila majani yenyewe. Kila asubuhi mimi na yeye tunashika kamba na kukivuta kibanda taratibu, urefu wake mmoja tu, kuku wakitembea humo ndani na kugombania panzi. Walipolala jana panabaki samadi na majani yaliyochoka, na hapo haparudiwi mpaka majani yafike magotini. Ndiyo sheria yake. Bonde la nyuma ya nyumba lilikuwa na michirizi kama shuka, huku kijani kichanga, huku kijani kilichokomaa, na yeye akikitazama tu kipande cha ardhi anakwambia kuku walipita lini.

Mpeleka mayai ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, anayelala chumba cha uani. Tunamwita Kengele, maana baiskeli yake haina breki ila kengele inayo. Anafunga trei za mayai nyuma ya baiskeli, anampelekea Mama Keki, mwokaji wa kule sokoni. Kengele ni mtu wa utani, na utani huo ndio uliomponza.

Siku moja jogoo mkubwa aliyekaa na matetea alipotea. Asubuhi tulikuta kibanda kimefungwa vizuri, jogoo hayupo, hata unyoya hakuna. Shangazi alikizunguka kibanda akiwa ameinama, akipapasa wavu kidogo kidogo.

"Kicheche angeacha manyoya," alisema. "Huyu aliyekuja ana vidole."

Kengele alikuwa mlangoni kwake, mswaki mdomoni. "Labda kaenda kutafuta mke kwingine, shemeji. Hawa matetea wako wana midomo, nani atawavumilia?"

Shangazi hakucheka. Alimtazama mpaka Kengele akatema povu na kuingia ndani. Tulipobaki wawili akaniambia, "Mtu akikuta msiba akacheka, ama hana moyo, ama kashiba."

Siku ile ile tuliviburuta vibanda vyote kutoka bondeni hadi uani, chini ya dirisha la jikoni. "Kuanzia leo watalala ninapowaona," alisema. Akawa anaosha vyombo jicho liko nje, anapika jicho liko nje, ugali ukaungua mara kadhaa na hakuna aliyethubutu kuutaja. Asubuhi bado tulivuta kamba kama kawaida, ila uani ni padogo. Tulitoka penye tangi la maji mpaka kwenye kamba ya nguo, tukageuka, tukarudi palepale. Baada ya mizunguko michache majani ya uani yalibaki mashina, halafu udongo. Shangazi akaongeza pumba na mahindi meupe ili kuku washibe. Walishiba, wakataga kama zamani, naye akaona mambo yako sawa. Mimi nilifurahi kutokanyaga umande wa bondeni.

Kisha akaja Mama Keki kwa miguu, mkononi ana bakuli lililofunikwa sahani.

"Hodi, mwenzangu."

"Karibu. Mpaka umekuja mwenyewe, kuna nini?"

"Kuna hiki." Akafunua. Ndani kulikuwa na mayai yaliyovunjwa, viini vimepauka. "Hiki ni kiini au maji ya mchele? Watu wananifuata kwa keki ya manjano isiyotiwa rangi. Jana mteja kaniuliza kama siku hizi napikia chokaa. Mimi nanunua mayai ya kuku wa majanini, na haya ni ya kuku wa kufungiwa. Ama unanichezea, ama kuna anayekuchezea."

Shangazi aliligeuza bakuli huku na huku. "Mayai yangu yakitoka hapa yanapita mkono mmoja tu," alisema, na macho yakaenda kwenye mlango wa Kengele. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mimi sijataja mtu."

"Hujataja. Nimetaja mimi."

Kabla jua halijazama alikuwa amekwisha kumweleza fundi cherehani wa jirani: shemeji yake anayauza mayai mazuri kwa wenye nazo, halafu anajaza trei kwa mayai ya dukani. Fundi cherehani naye humwambia kila anayempima kiuno.

Asubuhi iliyofuata Shangazi aliniamuru nitie kitone cha penseli kwenye kila yai, upande wa kitako, kidogo kiasi kwamba asiyejua asikione. "Tutamfuata," aliniambia. "Yasiyo na kitone ndiyo aliyoyaingiza yeye. Yakipatikana, leo hii hii anafunga virago. Kaka yake nitamwambia mwenyewe."

Kengele aliondoka akipiga mluzi. Sisi tulipita njia ya nyuma ya nyumba za watu, Shangazi mbele, akisimama kila kona kuchungulia. Tulimkuta kwa Mama Keki, anakunywa maji, trei ziko mezani.

"Eh, shemeji! Leo umetamani keki?"

"Nimetamani kuangalia."

Aliinua yai la kwanza, akaligeuza. Lina kitone. La pili, lina. Alikwenda mpaka mwisho wa trei, kisha trei nyingine, mkono ukizidi kuwa mzito. Yote yalikuwa navyo.

"Vunja," alimwambia Mama Keki.

Mama Keki akavunja. Kiini kikatoka kimepauka. Akavunja jingine, vilevile.

Kengele aliokota ganda, akaliangalia karibu, kisha akamwangalia Shangazi, kisha mimi. "Hiki kitone cha nini?"

Mimi niliinamisha macho kwenye trei.

"Mlinitegea," alisema, akaliweka ganda chini polepole. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema neno lisilo na utani ndani yake. "Kumbe yale ya kwa fundi cherehani ni kweli. Nilidhani ananitania."

"Basi ni muuza pumba," Shangazi alisema haraka. "Yule tangu zamani simpendi. Pumba zake..." Akanigeukia mimi. "Uani kumebaki majani?"

"Hakuna, shangazi. Ni udongo mtupu."

Alikaa juu ya gunia la unga bila kukaribishwa. "Njano ya kiini inatoka kwenye majani," alisema kwa sauti ndogo. "Na majani nimewanyima mimi, ili niwaone."

"Haya, mmeshaonana," Kengele alisema. "Mimi nakwenda kufunga virago kabla sijafungiwa. Kaka akirudi, mweleze sababu."

"Usiende, shemeji."

"Kwa nini nisiende?"

"Mayai nani atayapeleka?"

"Ni hilo tu?"

Shangazi alitazama dari, akatazama oveni, kama msaada ungetokea humo. "Hukuiba," alisema. "Mayai ni yangu na kosa ni langu. Mama Keki, umesikia."

"Nimesikia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

"Na jogoo?" Kengele akauliza.

Shangazi aliinua kidole. "Jogoo bado nachunguza."

Mama Keki aliangua kicheko mpaka akashika meza. Kengele alijaribu kukaza uso, ukamshinda kidogo upande mmoja.

"Lakini si wewe," Shangazi akaongeza. "Nadhani."

"Basi nitabaki, kwa sharti moja. Twende kwa fundi cherehani, ukayaseme haya haya, na wateja wake wakiwepo."

"Yule? Yule mwenyewe simwamini."

"Mbona ulimwamini ukampa habari zangu?"

Shangazi aliinuka, akajikung'uta unga, akatangulia. Kengele hakupanda baiskeli. Aliisukuma nyuma yake, macho yamemganda Shangazi mgongoni, nami nyuma yao na trei tupu za safari iliyopita. Tulipofika njia panda Shangazi akakata kona kuelekea nyumbani, akisema ni lazima kuku warudishwe bondeni mapema.

"Shemeji," Kengele akamwita. "Kwa fundi ni huku."