Mshika maiki aliyenyang'anywa kicheko cha mkewe

Saa tatu asubuhi, sebule ya kukodi imejaa watu na hakuna anayethubutu kujikuna. Mwigizaji aliyekuwa akilia bado ana machozi shavuni na hayafuti. Mpika chai amegandia mlangoni na birika lake, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Feni imezimwa, jasho linawatambaa migongoni. Mwenye amri humo ndani ni mzee mmoja mfupi aliyepanda juu ya stuli.

Ameinua fimbo ndefu juu ya vichwa vyao. Kwenye ncha ya fimbo kuna maiki iliyovalishwa manyoya ya kijivu, utadhani paka aliyekufa akakaushwa. Hedifoni zimemfunika masikio, macho kayafumba. Anarekodi ukimya.

"Haya, tumepata," anasema hatimaye.

Chumba kizima kinashusha pumzi. Mpika chai anauingiza mguu wa pili.

Wenyewe wanaiita sauti ya chumba. Kila wakimaliza tukio, kabla hata kiti hakijasogezwa, wote hubaki walipo wakanyamaza, na mshika maiki akauchukua ule ukimya wa mahali: bati linavyolia kwa jua, maji yanavyopita kwenye bomba la jirani, watu wanavyovuta pumzi. Baadaye fundi wa kuunganisha filamu huutumia kuziba mapengo kati ya maneno, kama fundi cherehani anavyotia kiraka cha kitambaa kilekile. Mtu akikohoa au akinong'ona katikati, imeharibika. Inafutwa siku hiyohiyo, mnaanza upya.

Ndiyo maana mzee huyu jina alilopewa na wazazi limeshasahaulika. Waigizaji, madereva, mpaka watoto wa mtaani kwake wanamwita Kimya.

Mkewe ndiye aliyekuwa na sauti. Nchi nzima ilimjua kwa jina la Mama Mkwe, yule mama mwenye gubu wa kwenye filamu, anayeingia jikoni kwa mke wa mwanawe, anafunua sufuria, ananusa, kisha anaguna. Halafu anacheka. Kicheko chake kilianzia juu kikashuka kwa makelele, kama debe tupu linaloporomoka kwenye ngazi. Watu walikuwa wanalipa kusikia kicheko hicho tu.

Kwenye filamu alikuwa na mume, jibaba refu lenye sauti nzito, linalojua kuvaa. Mitaani wanamwita Baba Mkwe. Na hapo ndipo roho ya Kimya ilipoanza kuuma, kitambo sana.

"Miaka yote ile mke wangu anabembelezwa na mwanamume mwingine," anasema, huku anakunja nyaya, "na mimi ndiye niliyeshika fimbo juu yao ili mabembelezo yasikike vizuri."

Sokoni ilikuwa hivyohivyo. Mama mbele, yeye nyuma na kikapu. Watu walimkimbilia mkewe, wakamshika mikono. "Mama Mkwe! Mzee hajambo?" Mkewe angegeuka, akamwonyesha Kimya: "Mzee si huyu hapa!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Acha masihara, mama. Huyu si dereva wako?"

"Alikuwa anacheka na yeye," anasema Kimya. "Tukifika nyumbani ananiita dereva mpaka tunalala."

Kisha mkewe aliugua, muda si mrefu baada ya kumaliza kuigiza filamu yake ya mwisho, na hakuinuka tena. Siku ya mazishi watu walikuja mpaka barabara ikafungwa. Walipanga mstari kutoa mkono wa pole. Mstari ule ulikwenda moja kwa moja kwa Baba Mkwe.

"Pole sana baba, jikaze," walimwambia.

"Na yeye akapokea!" Kimya anaziacha nyaya, mikono kiunoni. "Akatoa na leso! Mimi mwenye msiba nimesimama pembeni, mtu akaniletea viti, akaniambia mzee, tusaidie kupanga."

Alivipanga.

Kilichomshikilia siku zile ni ahadi moja. Mtayarishaji wa filamu, ambaye wote wanamwita Bosi, alimshika bega pale makaburini akamwambia kwamba filamu ikikamilika, wa kwanza kuiona atakuwa yeye. Atafunguliwa ukumbi, atakaa peke yake, mlango utafungwa, atamtazama mkewe mpaka mwisho. Baba Mkwe hatakuwepo. Watu wa sokoni hawatakuwepo. Kwa mara ya kwanza angekuwa naye bila kuinua fimbo.

Kimya alisubiri. Suti ilinyooshwa ikatundikwa nyuma ya mlango.

Siku moja alikuwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja, povu shingoni, akasikia debe linaporomoka kwenye ngazi.

Alidhani amepagawa. Kicheko kilirudi. Kilitoka kwenye simu ya mwendesha pikipiki aliyekuwa anasubiri zamu yake kwenye benchi, miguu kainyoosha, anatafuna njugu. Mama Mkwe alikuwa mkononi mwa mtu huyo, mdogo kama kiberiti, amevaa lile gauni la bluu alilolivaa kwenye filamu ya mwisho tu.

"Umeitoa wapi hiyo?" Kimya aliuliza.

"Mzee nawe! Imejaa mtandaoni, bure kabisa. Jana tumeitazama nyumba nzima, mama yangu kacheka mpaka kajikojolea."

Nyumba nzima. Mpaka na mama yake. Kimya alitoka na povu lake shingoni. Kibanda cha pili, kijana anayewawekea watu filamu kwenye simu na fleshi, wanayemwita Fundi Fleshi, alimwona akamchangamkia: "Mzee, wewe si ndiye uliyekuwa dereva wa Mama Mkwe? Ipo mpya, nikuwekee? Wewe nakupa ya zawadi."

"Nilitaka kumpiga kwa kiti chake mwenyewe," anasema Kimya. "Ananigawia mke wangu zawadi!"

Nakala iliyovuja haikuwa imekamilika. Sauti ilikuwa haijasafishwa, na mwanzoni kabisa mwa matukio mengine Kimya anasikika akiamuru watu wanyamaze. Bosi hakuficha kitu. Nakala ya namna hiyo hakuipeleka popote isipokuwa kwenye ofisi ya wakubwa wanaotakiwa kuikagua na kuipa kibali. Waliomba wapelekewe mapema, hivyohivyo ilivyo, wataelewa. Ilikaa mezani kwao, na kutoka mezani kwao ikaingia mtandaoni. Nani aliitoa, hakuna aliyeulizwa.

Wakubwa walifanya nini? Waliitisha semina ya kupiga vita wizi wa kazi za sanaa mtandaoni. Wakagawiana kofia na fulana, wakala, wakapiga picha ya pamoja. Kesho yake askari walikwenda kumbeba Fundi Fleshi na kompyuta yake iliyoshikiliwa kwa vipande vya mbao na gundi. Walioketi karibu na meza ile wako kwenye kiyoyozi mpaka leo, na kofia zao.

"Yule kijana simpendi," anasema Kimya. "Lakini yeye kakinga maji yaliyokwisha kumwagika. Aliyepiga ndoo teke yuko wapi? Ukiuliza unaambiwa uandike barua."

Ukumbi haukufunguliwa. Bosi mwenyewe alisema, nani atafungua ukumbi kwa filamu ambayo hata mbuzi wameiona? Mshika maiki analipwa kwa siku aliyofanya kazi, na siku zimekuwa za kuhesabika kwa vidole. Filamu wanayoiigiza sasa kwenye sebule hii, Bosi amesema wazi, huenda ikawa ya mwisho kwa wote, kuanzia Baba Mkwe mpaka mpika chai.

Ila Bosi ana wazo. Alikuja nalo nyumbani kwa Kimya, akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mzee wangu, maharamia wana filamu. Lakini hawana Mama Mkwe akikosea. Hawana akisahau maneno, akitukana viatu, akimchamba mpika chai. Hayo unayo wewe, kwenye ile kadi uliyorekodia sauti. Tuyaweke mwishoni mwa filamu yake, sauti yake na picha zake za mnato, tuyaonyeshe ukumbini tu, simu zibaki mlangoni. Watu watakuja. Watalipa. Tutapumua."

Kadi ile Kimya alikuwa ameiweka ndani ya kikopo cha mafuta ya nywele cha marehemu, kikopo ambacho bado kinanukia. Hakuwa ameisikiliza tangu msiba. Hakuwa amemwonyesha mtu.

"Hiyo kadi haina kitu," alimjibu Bosi.

Binti yake, muuza dawa kwenye duka la dawa baridi, alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alisubiri mgeni aondoke.

"Baba, umemdanganya mtu mzima mchana kweupe."

"Wameshamcheka vya kutosha. Sasa wakacheke mama zao."

"Mama alikuwa anaishi kwa kuchekwa. Na watu wote wale kazini, mpika chai ana watoto, wewe mwenyewe utakula nini? Unamwonea wivu nani lakini? Watu wa simu?"

"Wote," alisema Kimya.

Jumapili mchana binti alikuja na laptopu ya kuazima, akakaa kitandani kwa baba yake, akampa upande mmoja wa visikilizio, yeye akachomeka mwingine. Wakasikiliza.

Mama Mkwe alikuwa mzima. Alisahau maneno, akalaumu viatu. Alimwambia mpika chai chai yake inafaa kuoshea vyombo. Kisha ikaja sehemu ya kubembelezana, ile ambayo Kimya alikuwa akiiogopa kuliko zote. Kwenye filamu, kinamama wanaotazama hufuta machozi hapo. Kwenye kadi, kabla ya Baba Mkwe hajamaliza kusema mpenzi wangu, sauti ya mama ilikata: "Wewe baba! Ukinisogelea tena na hicho kitunguu ulichokula, nakuacha kweli, siyo kwa filamu!"

Kimya alikaa wima. "Rudisha hapo."

Binti akarudisha.

"Rudisha tena."

"Baba!"

"Hii wape," alisema Kimya, uso umemng'aa kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Hii waisikie wote, mpaka waliompa pole makaburini."

Walifika kwenye sauti za siku ya mwisho ya kuigiza, tukio la mwisho. Baada ya tukio, sauti ya chumba. Mama alikuwa ameketi chini ya maiki kabisa, na mumewe juu ya stuli na fimbo. Chumba kimenyamaza. Unasikia bati, unasikia bomba.

Kisha, katikati ya ukimya, sauti ya mwanamke, ndogo, ya karibu, ile ya nyumbani, siyo ya Mama Mkwe. Maneno machache. Baada yake anasikika Kimya akifoka: "Aa, mama! Umeshaharibu!" na chumba kizima kikiangua kicheko.

Kwa kanuni ya kazi ilitakiwa ifutwe siku ileile. Lakini mvua ilikuwa inakuja, wakairudia harakaharaka, wakakimbizana na vyombo garini, akasahau kuifuta ile ya kwanza.

Binti alichomoa kisikilizio chake taratibu. "Hayo siyo ya filamu," alisema, akatoka kwenda kuosha vikombe visivyokuwa vichafu.

Kimya aliisikiliza peke yake, mlango umefungwa.

"Maneno yake yote yalikwenda kwa wengine, yakipita chini ya maiki yangu," anasema. "Haya yalipanda juu."

Keshoye alimpelekea Bosi kadi. Vichekesho vyote vilikuwemo, kosa moja baada ya jingine, na kitunguu kimewekwa mbele kabisa. Bosi alicheka mpaka akafuta miwani. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kazi, akapitia tena mpaka mwisho.

"Mzee, sauti ya chumba ya siku ya mwisho siioni. Ile ya kwanza."

"Iliharibika."

"Iliharibikaje?"

"Mtu aliongea."

Bosi akatikisa kichwa. "Waigizaji hawa, bwana." Akaendelea na mengine.

Ukumbi umeshapatikana, utafunguliwa mwezi ujao. Suti bado iko nyuma ya mlango. Binti ameipiga pasi upya. Kimya ana matumaini kwamba watu watakuja, kwamba simu zitabaki kweli mlangoni, na kwamba mpika chai ataendelea kulalamikiwa chai yake miaka mingine mingi. Ametoa sharti moja tu: yeye na binti yake watakaa mstari wa mbele, na Baba Mkwe akae nyuma yao, amtazame kisogo.

Wakubwa wa kibali wamealikwa pia. Safari hii wataiona siku moja na watu wengine, kwa tiketi.

Ukimuuliza mkewe alisema nini pale, Kimya anatabasamu upande. Bosi akiisoma habari hii gazetini atajua kwamba aliyeongea alikuwa ni mama, na ajue. Wengine wote wana filamu yake kwenye simu, wana gauni lake la bluu, wana kicheko chake, wamelala nacho chini ya mto. Sasa wanalitaka na hili nalo?

"Andika hivyohivyo, kwamba mtu aliongea," anasema.

Anapanda stuli yake, anavaa hedifoni, anainua fimbo. Mpika chai, aliyekuwa anapita na birika, anaganda palepale alipo.