Nilivyochagua caliber ya bunduki ya kuwindia deer hapa Sydney, na swali la mke wangu ambalo sikulisikia

Wakuu, salaam kutoka Blacktown, Sydney. Ninachosimulia hapa ni kweli tupu. Atakayeona ni chai, basi anywe ikiwa bado moto.

Uzi ni wa bunduki, lakini hata kama hujawahi kushika zaidi ya manati, utaelewa.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Kazi yangu ni warehouse kule Wetherill Park, na hapo ndipo nilipomjua Darren, team leader wetu, mzungu mtu mzima, mpole, asiyeongea sana. Shemeji yake ana shamba mbali na mji, na deer wamelijaa mpaka wanagombania majani na ng'ombe wake.

Deer, kwa msiowajua, chukulia kulungu, ila dume ana pembe zilizotanuka kama matawi. Huku waliletwa zamani, sasa ni kero. Kuwawinda ruksa, ukiwa na leseni na mwenye shamba akikubali.

Darren alinichukua mara moja kama mtazamaji. Nikarudi na paja zima. Mke wangu, Mama Neema, ni Mkongo wa Uvira. Alilipika kwa mawese, sombe (kisamvu) pembeni, akasema tangu aingie nchi hii ndiyo kwanza anakula nyama yenye ladha ya nyama.

Nikajua njia imefunguka.

Nikaanza process ya leseni. Kozi, mtihani, kusubiri, kununua safe ya chuma na kuifunga ukutani. Huku hawana mchezo na silaha, na mimi naona sawa tu.

Darren naye akasema nikishapata yangu, nije na familia, kuna nyumba ya wageni pale shambani. Mama Neema akafurahi sana. Alitaka mtoto aone mahali ambapo huoni ukuta wa jirani.

Lakini siku moja, akiwa anakunja nguo, akaniuliza: "Baba Neema, hiyo bunduki itakuwa inalia namna gani?"

Nikamjibu, "Kawaida tu." Nikaendelea na video zangu.

Wakuu, mimi nikipenda kitu nakisoma mpaka kinichukie. Nilikuwa najua uzito wa risasi, inashuka kiasi gani ikifika mbali, inapiga bega kwa nguvu gani. Mliooa mnajua: unaweza kujua kila kitu duniani isipokuwa kile ulichoulizwa.

Tuendelee.

Mimi ni mashoto. Bunduki nyingi dukani zimetengenezwa kwa watu wa kulia, ndiyo maana nikaenda kwa fundi mmoja Granville anayeunda custom. Ndoto yangu ilikuwa semi-auto. Unavuta trigger, inajipakia yenyewe, unavuta tena. Nikamweleza kwa mbwembwe zote.

Yule mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Not in this country, mate." Sheria haimruhusu mtu kama mimi. Nitengenezewe bolt action, ile ambayo kila ukipiga lazima ufungue kwa mkono, utoe ganda, usukume nyingine ndani, ndipo upige tena.

Nikanuna njia nzima mpaka Blacktown. Niliona nimepewa jembe wakati wenzangu wa YouTube wana trekta.

Ikabaki caliber, yaani ukubwa wa risasi. Fundi alinipa risasi tatu za mfano, zile zisizo na baruti, nikae nazo nyumbani nifikirie.

Ya kwanza .308. Mfalme wa wote, inaangusha deer wa aina yoyote, lakini inapiga bega. Na bega langu la kushoto lina historia na mabox ya Wetherill Park.

Ya pili .243. Nyembamba, ina mbio, bega linapumua. Wapinzani wake wanasema ni ndogo kwa dume kubwa.

Ya tatu 7.62x39. Fupi, nene, rahisi kuipata, bei yake nzuri. Fundi alisema ingehitaji bolt nyingine, lakini anayo. Na kule shambani ni vichaka, deer unampiga kwa karibu. Moyoni nilishaichagua hii.

Nikazipanga zote kwenye meza ya jikoni na kumwita mke wangu, nijidai kidogo.

Mama Neema akafuta mikono. Hakuangalia nyingine. Aliichukua ile ya tatu, akaigeuza vidoleni bila kusubiri nimwambie ni ipi.

"Hii naijua," akasema. "Asubuhi tulikuwa tunaziokota mu kiwanja, sisi batoto, tunachezea. Lakini zetu zilikuwa hazina kichwa."

Nikauliza, kwa upumbavu wangu wote, vichwa vilienda wapi.

"Vilibaki mu watu."

Akairudisha mezani taratibu, akaenda kuangalia sufuria yake.

Wakuu, 7.62x39 ndiyo risasi ya AK, bunduki ya vita vya kwao, na mimi sikuwa nimeunganisha. Kigoma tuliishi na wakimbizi, nilicheza nao mpira, nilidhani najua. Nimelala na huyu mwanamke miaka yote hii na sikuwahi kumuuliza alikuwa anachezea nini utotoni. Niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa na pa kwenda.

Nikamwambia naachana na mambo yote. Safe nauza, leseni narudisha, tutanunua nyama ya mbuzi kwa Waarabu kama watu wengine.

Akakataa. "Kwanza hukunijibu. Nilikuuliza inalia namna gani. Nipeleke nisikie, nitakuambia kama nitaweza kukaa mu ile nyumba ya shamba. Nikishindwa, nitasema."

Basi jambo zima likawa hapo. Akisema hapana, mwisho.

Jumamosi tukaenda club ya shabaha. Darren alikuja na .308 yake, akaazima .243 ya mwenzake. Mama Neema alikaa kwenye gari kule parking, vioo chini, mikono mapajani. Nikakaa naye.

Darren akapiga .308. Mlio ukaingia mpaka kwenye viti. Mama Neema akafumba macho. Halafu kimya. Halafu tena. Kisha akabadilisha, akapiga .243, ile ina mlio mkali zaidi, kama ubao unaopasuka. Kimya. Tena.

Nilikuwa nimeandaa maswali ya kitaalamu. Ipi kubwa, ipi inakera masikio.

Akafumbua macho, akasema, "Zote ni sawa."

"Sawa vipi? Ile ya kwanza ni kubwa zaidi."

"Siyo ukubwa. Yeye anapiga, anatulia. Anapiga, anatulia. Iko nafasi katikati. Kwetu haikuwa vile." Akavuta pumzi. "Mlio wa kwanza hauniogopeshi, Baba Neema. Ni ule unaukimbilia kwa nyuma."

Nikakumbuka nilivyonuna Granville kwa sababu mtu alininyima bunduki isiyo na nafasi katikati.

Nikachukua .243 kwa ajili ya bega; ile ya tatu sikuitaka tena. Inatosha kabisa kwa deer wa kule, ukiwa na risasi sahihi na usipolipua ovyo.

Safari ya kwanza tukaenda wote. Asubuhi niliwaacha kwenye nyumba ya wageni, mimi na Darren tukashuka bondeni. Niliona jike akiwa mbali kidogo, amesimama upande. Nilimsubiri sana, Darren akadhani nimeogopa. Kumbe nilikuwa nawaza ile nyumba kule juu, na mtu aliyekaa humo akisikiliza.

Yule jike akasogea karibu. Nikapiga. Akaanguka palepale.

Sasa wataalamu mtasema: ukijeruhi lazima umalize, huwezi kuacha mnyama akiteseka. Ni kweli, na ningefanya hivyo. Ndiyo maana nilisubiri, ili moja itoshe.

Tulipofika juu, Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika fremu.

"Nilisikia moja," akasema.

"Ilikuwa moja."

"Nikangojea ingine."

"Hakuna ingine."

Kisha mkono ukaachia fremu.

"Bon. Leta kisu."

Wakuu, nilichojifunza: mtu wako akikuuliza swali dogo huku anakunja nguo, zima video. Na mkija kuniuliza caliber gani ni nzuri, nitawauliza kwanza, nani atakuwa ndani ya nyumba akisikiliza?

Wa .308 najua mna hasira na mimi. Povu ruksa, comments ziko wazi. Na kama kuna mwenzangu aliyeoa mtu aliyetoka kwenye vita, nawe tuambie mlivyoishi na hili, nasoma zote.