Ukuta Uliofika Mabegani

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja ya Majilio nilipofunga nguo zangu ndani ya kitenge nikakaa mlangoni, tayari kurudi Zongwe kwa baba yangu. Ndoa yangu ilikuwa na mwaka mmoja tu. Nakueleza haya kwa sababu umekuja kwangu unalia kwamba mchumba wako yuko Manono na simu yake haipatikani, na naona umeshamhukumu. Kaa kwanza. Mimi mwenyewe ni mtu wa shaka toka tumboni mwa mama. Hata samaki wa bure namnusa mara mbili. Kwa hiyo usidhani nitakuambia uamini tu.

Mume wangu Mulongo alikuwa Kabimba, anachoma mawe ya chokaa kwenye tanuru la mtu. Miezi mitatu ikapita bila neno. Halafu jirani yetu Mama Tabu, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, akarudi kutoka huko, akaingia mpaka jikoni kwangu na sauti ya chini.

"Bwana yako nilimuona. Mwanamuke alimushika mukono, katikati ya barabara, muchana kweupe."

Nikamuuliza mwanamke gani. Akainua mabega. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Loo! Chakula kilinishinda siku mbili nzima.

Wiki ileile boti ya mizigo ikatuletea mfuko wa chokaa. Mwenye boti akatoa ujumbe kwa mdomo: nipake ukuta wote unaotazama ziwa, mpaka juu kabisa, Mulongo atakuja kabla ya Noeli. Basi. Salamu hakuna, habari ya afya hakuna. Nikajiambia, mtu aliyenyamaza miezi mitatu anataka nyumba nyeupe ya nini? Anamtengenezea nani? Ni kweli hapa kwetu watu hupaka nyumba Noeli ikikaribia, lakini hupaka pia wakileta bibi arusi. Nikauburuta ule mfuko mpaka nyuma ya jiko. Sitamrembeshea mke mwenzangu nyumba, nikasema.

Mama mkwe wangu, Mama Ngoie, aliutafuta akauona. Hakunigombeza. Alikoroga chokaa kwenye ndoo, akaanza kupaka peke yake, kipande kila Jumamosi. Na Jumapili alikwenda kuwasha mshumaa wa Majilio na wenzake wa shirika letu la kanisa mtaani. Alikuwa mfupi, bega moja bovu, na kupanda juu ya kiti aliogopa. Alipaka pale mkono ulipofika, basi. Nilimtazama tu. Niliona hata yeye yuko pamoja na mwanawe, wamenificha jambo.

Jumapili ya nne akanikuta mlangoni na furushi langu.

"Mama," nikamwambia, "na kama anakuja na mwanamuke?"

"Akikuja naye, utamuuliza mbele yangu, na mimi nitasimama upande wako. Lakini haujamuuliza kitu, mutoto wangu. Umekunja mikono, unangojea akosee."

Akaninyooshea burashi. Sikuipokea. Kosa langu ndilo hilo, mwanangu, maana mikono mirefu nilikuwa nayo.

Mchana uleule boti ya Kabimba ikafika. Nikamwona Mulongo anapanda kilima, na kweli, mwanamke kamshika mkono. Nikasimama na furushi langu, matusi tayari mdomoni. Walipokaribia nikaona yule mwanamke ana mvi kumshinda mama mkwe wangu. Na Mulongo alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, kama vile sipo.

Maji ya chokaa yalikuwa yamemrukia machoni kwenye tanuru. Yule mama, mjane wa parokia ya kule, ndiye aliyemuuguza na kumwongoza njia. Kilichombakia ni mwanga na kivuli tu, na kitu cheupe akikitazama sana.

"Kwa nini haukuniambia?" nikalia.

"Niliogopa utakimbia mbele ya mimi kufika."

Ee Mungu wangu! Furushi nilikuwa nalo mkononi. Nikalificha nyuma ya mgongo, nikimficha mtu asiyeona.

Akanyoosha kidole kwenye ukuta. "Nilitaka nione nyumba yangu mwenyewe toka kwenye boti. Nimeona mustari mweupe, chini tu. Ule njo mukono wa mama. Wa kwako sikuuona."

Nilipanda juu ya kiti nikapaka mpaka giza likaingia, machozi yanachanganyika na chokaa. Hayakubadilisha kitu, alikuwa ameshafika.

Sasa nisikilize. Tumaini la Majilio si kufumba macho. Shuku, ukipenda, mimi mpaka leo nashuku, na Mama Tabu simwamini hata kwa salamu. Lakini uliza. Tuma mtu Manono, au panda gari uende mwenyewe. Na wakati unangoja jibu, mikono yako isikunjwe, maana anayekuja, awe Mwokozi au mchumba, hujui anakuja na jeraha gani.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na moyo usiotangulia kuhukumu. Anayekuja kwako afike salama, na akute alama yako. Haya, inuka. Mulongo yuko ndani, tangu asubuhi ananiuliza kama chokaa ya Noeli hii imefika juu ya ukuta. Bega langu nalo limeshakuwa la Mama Ngoie. Nimepaka mpaka hapa. Burashi hii, mwanangu. Juu ni kwako.