Agosti Niliyomshikia Mama Kazi

Nikiwa Form Three nilienda Italia kuogelea baharini. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wenzangu darasani, na nusu yake ni kweli. Italia nilienda.

Mama alikuwa yaya kwa Wazungu wa Lavington, mtaa wa wenye pesa hapa Nairobi. Sisi tulikaa Kawangware, chumba kimoja cha mabati, na kila alfajiri aliniacha nimelala akaenda kwa miguu kuwaamsha watoto wa wenyewe, mvulana wa miaka mitano na dada yake wa mitatu. Kila Agosti familia ile ilirudi kwao Italia, ufukweni, na mwaka huo walitaka kwenda na Mama. Halafu mguu wake wa kushoto ukavimba ukawa kama mihogo miwili imefungwa pamoja. Daktari akasema asipande ndege.

Mayaya wana sheria yao ambayo haijaandikwa popote. Ukiugua, au ukiitwa nyumbani kwa matanga, huachi kazi wazi. Unaweka mtu wako wa damu akushikie. Ukiiacha wazi utarudi ukute mwanamke mwingine amevaa aproni yako, na anakuuliza wewe ni nani. Na kulikuwa na mama mmoja wa Mashimoni, kule Kibera, mwenye binti aliyemaliza shule, aliyekuja getini kila wiki tangu mguu uvimbe, kuuliza kwa huruma, "Dada, mguu unaendeleaje?" Mama alisema yule haulizi mguu, anauliza aproni.

Mtu wa damu nilikuwa mimi. Mzee wa ile nyumba alikuwa na njia zake, na pasipoti yangu ikatoka kwa wiki mbili.

"Unaenda kushika," Mama aliniambia akinikunjia sweta. "Sikia vizuri. Uwalishe, uwaogeshe, wasizame. Basi. Usijifanye mtamu."

"Nikiwa mtamu bila kujifanya je?"

"Nakujua na huo mdomo wako. Watoto wa watu si darasa lako la kuchekesha. Wanikose mimi. Ukiwa pale, wanikose mimi, wanililie."

Hakucheka, na mimi nilikuwa nimezoea kuchekwa. Akanipa chupa tupu ya juisi nimletee maji ya bahari ya kukanda mguu. Nikamwambia chumvi iko dukani, pakiti nzima. Akasema ya duka imekaa kwa karatasi, ile imekaa na maji tangu dunia iumbwe. Nikaitia chupa kwenye begi.

Agosti ya Nairobi ni sweta na jiko la makaa. Agosti ya kule nilidhani kuna kitu kinaungua. Nchi yote ilikuwa imefunga maduka ikahamia mchangani. Usinione mshamba, watu nimewaona, mimi ni wa Kawangware. Lakini Kawangware watu wamebanana kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Hawa walikuwa wameacha nyumba za vyumba sita waje kubanana kwa hiari yao. Miavuli ilipangwa mistari kama mahindi shambani, kila familia na mwavuli wake, na mlinzi mwenye shati jeupe alitembea katikati na filimbi shingoni. Wanawake walijipaka mafuta wakajilaza juani toka asubuhi, wakigeuzwageuzwa na waume zao kama chapati, wapate rangi. Kisha nikipita mimi, niliyezaliwa tayari, wananiangalia kama mtu aliyezidisha.

Kuogelea, hapana. Siku ya kwanza niliingia maji ya magotini kumfuata mtoto, filimbi ikalia. Mlinzi akazungumza na madam, madam akaniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Wewe simama hapa tu. Yaya hapana oga hapa." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi. Kwa hiyo kwa siku ishirini na tisa nilisimama pale povu linapofika, nikiwa na taulo mbili begani, na bahari ikaniosha vidole vya miguu. Mpaka leo nikiulizwa bahari ile ilikuwaje, naweza kueleza vizuri sana kuanzia kifundo kwenda chini.

Siku moja bibi mmoja mwenye dhahabu shingoni aliniita kwa kidole, akaanza kupekua kikapu changu. Kulikuwa na vijana Waafrika waliopita na shanga na miwani za kuuza, na yeye alidhani mimi ni mmoja wao. Akachomoa kindoo chekundu cha mtoto, akauliza bei kwa vidole. Nikampa bei kwa vidole. Akapunguza, nikakataa, tukaelewana. Mvulana alipoona kindoo chake kinaondoka chini ya kwapa la bibi alicheka mpaka akakaa chini. Madam alipojua nilingoja kofi. Badala yake aliwahadithia wageni mezani jioni, wakanitazama kwa upendo wote wakipiga meza. Nilirudi kuosha vyombo nikijiona mfalme. Ningekuwa na akili ningeogopa.

Maana kazi ilikuwa imeanza vile Mama alivyotaka. Wiki ya kwanza watoto hawakulala. Walimtaka yeye. Alikuwa na wimbo wa kuwalaza, wa samaki aliye chunguni na mama aliyekwenda ziwani, atarudi kabla samaki hajaiva. Mvulana alikaa kitandani anadai wimbo huku machozi yanateremka. Nilikuwa naujua. Uliimbwa kwangu kwanza, kwa lugha ya nyumbani, kabla Mama hajaugeuza Kiswahili ili uende Lavington. Siku hizo ulikuwa unaimbwa kule, na mimi nilikuwa nalala na redio ya jirani.

Labda ndiyo sababu niliuharibu. Nasema labda, kwa sababu wakati ule nilitaka tu wanyamaze nikalale. Nilifika pale mama anapokwenda ziwani, nikamwingiza fisi. Fisi akafunua chungu, akala samaki na chungu chenyewe, tumbo likamjaa, suruali ikapasuka, na upepo uliotoka nyuma ukapeperusha miavuli yote ya ufukweni pamoja na mlinzi na filimbi yake. Nilipiga ile filimbi kwa mdomo.

Walicheka mpaka wakalala wakicheka. Kesho yake hawakuuliza Mama atakuja lini. Waliuliza fisi. Kila usiku fisi, na kila usiku suruali ipasuke vibaya zaidi. Kufikia wiki ya tatu nilijaribu, kwa dhamiri iliyochelewa, kuimba ule wa kweli. Msichana mdogo akanifunika mdomo kwa kiganja.

Siku ya mwisho nilijaza chupa. Niliinama pale pale povuni, na mlinzi aliangalia tu. Nadhani hakuwa na filimbi ya kuiba maji.

Jumatatu tuliyorudi Nairobi kulikuwa na manyunyu. Mama alikuwa ameshafika Lavington kabla yangu, amevaa aproni, mguu umepungua, akisimama wima makusudi ili madam auone. Watoto walimkumbatia. Wallahi walimkumbatia, nataka hilo lijulikane. Mchana akawapeleka kulala, madam akasimama mlangoni akitabasamu, nami nyuma yake na ndoo ya nguo za kufua. Mama akaanza. Samaki chunguni. Mama kwenda ziwani.

"Sio hivyo," mvulana akasema.

Mama akaendelea.

"Sio hivyo. Wewe hujui. Fisi iko wapi?"

"Fisi gani, mwanangu?"

Msichana akaanza kulia akinyoosha mikono, ikimpita Mama, ikimpita madam, ikinifikia mimi na ndoo yangu. Nilijifanya sijaona. Niliangalia zile nguo kana kwamba zimeandikwa kitu. Lakini madam aliona, na akafikiri wiki nzima. Wazungu wanafikiri kwa upole.

Ijumaa alituita jikoni wote wawili. Akasema Mama amefanya kazi mzuri sana, mguu ni mgonjwa, sasa apumzike, mtoto yake abaki, watoto napenda yeye sana. Mama akajibu mara moja, bila kuniangalia.

"Huyu anasoma, madam. Shule imefunguliwa."

"Basi mimi tafuta msichana ingine. Moja kijana."

Hakumtafuta mbali. Yule mama wa Mashimoni aliuliza mguu wiki iliyofuata, na binti yake akapata aproni. Mama siku hizi anafua nguo za watu, leo hapa kesho pale, amesimama siku nzima kwa mguu huo huo. Mimi niko Form Four. Darasani bado wananiomba niwahadithie suruali ya fisi.

Ijumaa ile jioni Mama alipasha moto yale maji ya chupa, akayamimina kwenye karai, akatia mguu. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejitayarisha na majibu matatu, yote mazuri.

"Hebu niimbie," akasema.

"Nini?"

"Hayo maneno yako. Ya fisi."

Nikakataa. Akaniambia niimbe, hana nguvu ya kubishana. Nikaimba nikiangalia ukuta, chungu, tumbo, suruali, miavuli, yote, mpaka filimbi. Na Mama akacheka. Hakuwa ananionea huruma. Alicheka kweli kweli, maji yakamwagika karaini, akajifuta macho kwa kanga.

"Ni mzuri kuliko wangu," akasema. "Leta kitambaa upanguse hapo."

Nikaleta kitambaa. Heri angenichapa.