Mbuzi wa Wabeba Mchanga

Baba na mama walipofariki nilikuwa darasa la tano. Niliacha shule, kwa sababu kisima cha baba kule kwenye laga, mto wetu mkavu nje ya mji wa Isiolo, kilikuwa sasa mikononi mwangu. Kwetu Waborana kisima hurithiwa na mtoto wa kwanza wa kiume. Wadogo zangu wanne na ng'ombe wetu saba walikitegemea hicho tu.

Kila baada ya mvua mafuriko yalikifukia, nasi tukautoa mchanga kwa karai, siku baada ya siku. Desturi yetu ni kwamba anayekusaidia kuondoa mchanga hupewa zamu yake ya maji, na hawezi kunyimwa.

Mwishoni mwa miaka ya sabini yakaja malori ya kontrakta aliyekuwa akijenga majumba mjini. Watu wake waliingia lagani na sepetu wakapakia mchanga kutwa. Wazee wetu wakafurahi. Watu wazima wenye mvi waliamini kwamba tumeletewa wasaidizi. Waliwachinjia mbuzi, wakamwombea kontrakta dua. Nami, mjinga kuliko wote, nikampa zamu ya kujaza pipa lake kila wiki, kabla ya punda wa jirani.

Chifu alikuja mara moja, akala nyama, akasema hayo ndiyo maendeleo. Kwa kula alikuwa hodari.

Haikupita miaka miwili mchanga ukaisha, ukabaki udongo mgumu na mawe. Ndipo tulipoelewa kwamba mchanga ndio uliokuwa ukitushikia maji. Mafuriko sasa yalipita mbio kama gari la mkubwa, bila kusimama. Kisima kilitoa tope, kisha harufu.

Kiangazi hicho msimamizi wa malori alifika na pipa. Alinipa salaam aleikum kwa adabu, akanikumbusha kwamba leo ni zamu yake.

"Zamu yako ipo," nikamwambia. "Shuka uteke."

Akachungulia. "Mbona hakuna kitu, kijana?"

"Maji ulishayabeba yote kwenye lori, pamoja na mchanga."

Akacheka. Aliniambia nisiweke kinyongo, kwani mchanga bado upo upande wa juu wa laga, na kesho wanahamia huko. Alisema kama mtu anayeleta habari njema.

Wazee walinituliza kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikuwahi kumwona Mungu akipakia lori, nikawaambia hivyo, na kwa mwezi mzima hawakuitikia salamu yangu. Sikukosa kitu.

Ng'ombe wanne walikufa. Watatu niliwapeleka kwa mjomba, kijiji cha Korbesa. Wadogo zangu nikawahamishia chumba kimoja mjini, nikafanya kazi ya kusukuma mkokoteni wa maji ya bomba. Kisima cha kuitwa chetu hatukupata tena. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyelala na kiu.